Paipu za Nyumba Mbili

Siku ya soko mjini Kisii hata ng'ombe hupigana vikumbo, na hadwea, duka la vifaa vya ujenzi alimofanya kazi Kemuma, ilikuwa imejaa watu hadi mlangoni. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Mwanamume mrefu, suruali yake pana miguuni kama ulivyokuwa mtindo, viatu vimeganda matope mekundu, alijipenyeza hadi kaunta. Alitaka kujua paipu ipi ingefaa kuleta maji kutoka chemchemi hadi nyumba aliyokuwa akijenga Ekerenyo.

Kemuma, maridadi ndani ya gauni la manjano lililomkaa kiunoni, alimweleza bila kupamba. Chuma ni kigumu lakini huota kutu. Plastiki haioti kutu, lakini fuko huitafuna, na jua likiipiga hupasuka.

"Basi dada, kila moja ina ugonjwa wake."

"Kama wanaume," Kemuma alijibu. "Mtu huchagua ugonjwa anaoweza kuishi nao."

"Na wewe umeshachagua?"

"Mimi nauza paipu, bwana. Nyuma yako kuna watu."

Alinunua kiwiko kimoja cha kuungia paipu akaondoka. Alirudi kwa nati moja, kisha nyingine, mpaka wenzake Kemuma wakambatiza Bwana Nati. Jina lake hasa lilikuwa Onyancha, karani wa kiwanda cha majani ya chai. Kiwandani kulikuwa na simu, dukani pia, na haikupita wiki bila yeye kupiga kuulizia bei za vitu alivyokuwa navyo tayari.

Kemuma alikuwa na miaka thelathini, na sababu ya kutoolewa ilikuwa imelala katika chumba chao cha kupanga. Mama yake, Nyanchera, alifukuzwa siku baba alipoleta mke wa pili. Sasa miguu ilikuwa imevimba, hata ndoo ya maji hakuweza kuinua. Mchumba wa kwanza alisema mama wa mke si mzigo wake, naye Kemuma akamwonyesha mlango. Onyancha, alipomposa, aliahidi kwamba hataoa mwingine, na kuhusu mama, akaomba apewe muda. Kemuma aliamini. Wazee wakapanga siku ya kuzungumzia mahari.

Ndipo fundi wa Onyancha, Mogire, alipokuja kuchukua paipu. Za chuma ni za nyumba kubwa, alisema, na za plastiki ni za ile ndogo. Kemuma alipouliza ndogo ipi, fundi akauma ulimi. Onyancha alikuwa amemkataza kusema.

Duka zima lilielewa. Kwa Wakisii kila mke ana nyumba yake, na hakuna anayeezeka nyumba mbili kwa mke mmoja.

"Dada," aliuliza Bochaberi, mwenzake wa kaunta, "wewe ni wa chuma au wa plastiki?"

Kemuma alipiga simu kiwandani.

"Onyancha, unajenga nyumba ngapi?"

"Nani amekwambia?"

"Nimeuliza ngapi."

"Mbili. Lakini mpenzi, si mimi wa kulisema jambo hili. Ngoja wazee."

"Wazee ndio watakaomwoa huyo wa pili?"

Alikata simu. Jioni alimwambia mama yake kwamba ng'ombe wa mahari hawatakuja. Nyanchera aligeukia ukuta, kama alivyofanya alipofukuzwa, na hilo lilimkata Kemuma kuliko yote. Kulipokucha alipanda basi la Ekerenyo ili amrudishie Onyancha ahadi zake usoni.

Alimkuta ndani ya mtaro, jembe mkononi. Nyumba kubwa ilikuwa imeezekwa. Nyuma yake, ng'ambo ya ua wa miti uliopandwa juzi, palikuwa na nyumba ndogo yenye lango lake la kutokea barabara ya soko.

"Nionyeshe atakapolala mwenzangu."

"Mwenzako?" Onyancha aliangusha jembe. "Kemuma, hiyo ni nyumba ya mama yako."

Akamwambia yote. Mkwe hata jina la mama mkwe halitaji ovyo. Kwa heshima ile iitwayo ensoni, inayokataza mkwe na mama mkwe kutazamana, angewezaje kumweka mama karibu naye kabla ya ndugu wa mama kukubali? Kwa hiyo alinyamaza, akaenda kwanza kwa Nyasani, mjomba wa Kemuma. Na jana Nyasani alikuwa amekataa: mama mkwe halali penye mkwe, kwisha.

"Nimejenga nyumba isiyo na mtu," alisema, machozi yakimtoka.

Kemuma aliketi juu ya udongo. Mwongo angeweza kumwacha. Huyu angemwachaje?

"Siwezi kumwacha mama."

"Najua," alisema Onyancha. "Ungeweza, nisingekupenda hivi."

Nyanchera alipoelezwa aliisukuma chai yake pembeni.

"Ndugu zangu walikuwa wapi baba yako aliponitupa nje? Nitafutie viatu."

Jumapili Kemuma alimfikisha Ekerenyo. Onyancha alisimama ng'ambo ya ua akiwapa mgongo, Kemuma katikati. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini ilibidi maneno yapitie kwa Kemuma.

"Muulize, hii ni ardhi ya baba zake?" alisema Nyanchera.

Hapana, ilikuwa kiwanja cha soko alichonunua.

"Basi mwambie mwiko ni wa ardhi ya ukoo; soko halina mkwe, kila mtu hulala hapo. Nyasani nitamjibu mwenyewe."

Nyanchera alifuata mtaro kwa fimbo yake hadi chuma kilipoungana na plastiki, chini ya ukuta wa bafu la Onyancha. Akasimama.

"Mwambie maji yangu hayawezi kupitia bafuni kwake kwanza. Nitayanywaje?"

Shingo ya Onyancha iliinama. Alikuwa amekumbuka lango, akakumbuka ua, akasahau maji. Sasa ilihitajika paipu nyingine kutoka chemchemi, na fedha zilikuwa zimekwisha. Plastiki iliyobaki haikutosha, na kondeni fuko walikuwa tele.

Kemuma alitazama uso wa mama yake ukianza kujifunga tena.

"Chuma kiende kwa mama, chote," alisema. "Sisi tutachota kwa ndoo."

Onyancha alisahau adabu akageuka.

"Sisi?"

Nyanchera alijifunika uso kwa haraka, akangoja.

"Sisi," alisema Kemuma.