Msikilizaji wa Alhamisi

Viti vilikuwa vinane, watu wanane wakakaa, na bado mgeni naye alikuwa amekaa. Bi Nesi alihesabu mara mbili, akapuuza. Laiti angeuliza! Lakini kikundi chake cha wafiwa, kilichokutana kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri kwenye chumba cha nyuma ya msikiti, kilikuwa na sheria zake: anayekuja haulizwi katoka wapi, anayesema hakatizwi, anayelia haambiwi nyamaza.

"Karibu, dada," akasema tu.

Mgeni alikuwa kajitanda ushungi wa kijivu. Hakutamka neno, ila jamani, alijua kusikiliza! Fundi cherehani alipowasimulia wenzake habari za mwanawe Kijiti, aliyezama kisimani, mgeni alimwinamia mpaka ushungi ukamgusa magotini. Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Ikasikika fyoo, fyoo, kama mtu anafyonza uboho wa mfupa. Kila mtu alidhani mwenzake ana mafua.

Wengine walipoondoka, mgeni alibaki kumsaidia Bi Nesi kupanga viti. Nesi huyu mstaafu alikuwa hodari wa kubeba ya wenzake. Ya kwake kayafungia kifuani. Mganga hajigangi. Lakini macho yale yalimvuta, akajikuta anamweleza habari za binti yake wa miaka sita, aliyefia wodini wakati yeye mama mtu katoka kidogo kunywa chai, miaka mingi kabla hajahamia mtaa huu. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata Shehe. Siku hiyo alilala usingizi mtamu.

Alhamisi iliyofuata Fundi aliingia akicheka.

"Shoga, umemwota tena Kijiti?" Bi Nesi akamuuliza.

"Kijiti gani?"

Hakuwa anatania. Bi Nesi akamkimbilia Shehe. Shehe aliingia, akamwona mgeni keshakaa, akainama kutazama chini ya viti.

"Yule hana miguu," akanong'ona. "Msikimbie."

Akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ilivyozidi na ushungi ulivyovimba, ukapanda ukutani, ukagusa dari, na kutoka ndani yake zikaja sauti za watu wote waliowahi kulia chumbani mle, zikilia kwa pamoja, mpaka watu wazima wakashikana mikono kama watoto.

"Sikuiba," likasema jini lile. "Walinipa wenyewe."

"Kisomo kitalitoa," Shehe akasema huku jasho likimtiririka, "ila lilichokula halitarudisha. Nani alisikia habari za mtoto wa Fundi?"

"Sote."

"Basi mrudishieni nyie!"

"Kijiti alikuwa na mwanya," mmoja akasema.

"Ulimshonea sare kubwa ili akue nayo."

"Alikuwa akikufichia sindano."

Fundi akapiga yowe. Shehe akapaza sauti, dari likapasuka, na kiti kile kikabaki kitupu.

"Kijiti ananiuma," Fundi akalia, "lakini ni wangu. Asanteni." Akamshika Bi Nesi mkono. "Na wewe dada, ulifiwa na nani? Hukuwahi kutuambia."

Bi Nesi akafungua mdomo. Kifua kilikuwa chepesi mno. Alijua yupo mtu, kwani nani huanzisha kikundi cha wafiwa bure? Akatazama nyuso za wenzake moja moja, akitafuta aliyewahi kusikia. Wote walikuwa wakimsubiri yeye.

"Nilimwambia yule tu," akasema. "Shehe, nakuomba, mwite arudi."