Mdomo wa Dada, Sauti Yangu

Kwenye video, dada yangu alikuwa amefunga mdomo. Kabisa. Anatabasamu.

Na sauti ikaendelea kuongea!

"Haya bibi yangu, pumzika sasa. Kesho tutaendelea."

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena...

Jamani, hayo maneno ni yangu mimi!

Ngojeni niwaeleze taratibu, maana hasira bado hazijaniisha na sitaki kumsingizia mtu.

Mimi ni mtu wa sauti ya chini. Nyumbani wananiita Mnong'ono. Natengeneza kompyuta, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kufungua, kufunga, na kuua laptop mbili tatu njiani. Nina chumba changu juu ya fundi cherehani. Kinanitosha.

Bibi yetu anaishi na mama na dada. Macho yake hayasomi tena. Basi nikimaliza kazi namsomea kitabu, najirekodi kwa simu, natuma kwa mama ili amsikilizishe. Mimi mwenyewe sijawahi kujisikiliza. Nikishatuma, nimemaliza.

Wiki iliyopita nikaona tangazo. Studio ya vitabu vya sauti inatafuta msomaji. Utume video ukisoma, uso wako uonekane.

Nikakimbilia kwa mama.

"Wewe?" Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Na sauti hiyo ya kubembeleza paka? Nani atakusikia, mwanangu?"

Nikaacha.

Siku ya mwisho ya kutuma, mchana, dada akaingia kwangu bila hodi.

"Mdogo wangu, niokoe! Video yangu ina shida. Sauti na midomo haviendi pamoja!"

"Video ya nini?"

"Ya ile kazi ya kusoma vitabu. Hebu acha maswali, inatakiwa leo!"

Iliniuma. Lakini tangazo ni la kila mtu, nikajiambia. Akaniachia flashi, akaenda zake saluni.

Nikaifungua. Alikuwa anasoma kitabu kilekile ninachomsomea bibi. Sikushangaa, kwa sababu kitabu kiko pale nyumbani.

Ila sauti, jamani... Ilitulia. Ilikuwa na joto. Nikasema kimoyomoyo, kumbe dada ana kipaji hivi? Nikajisikia mdogo. Nikaona mama alikuwa na haki ya kucheka.

Nikaanza kazi.

Kwanza nikazima spika ya bluetooth, maana hizo hupenda kuchelewesha sauti. Nikatumia spika za laptop yenyewe.

Bado.

Nikafunga programu zote zinazoelemea mashine, nikaiwasha upya. Nikafungua video kwa programu nyingine.

Bado!

Nikacheza video tofauti kabisa. Midomo na sauti sambamba. Kwa hiyo laptop ni nzima, ugonjwa umo ndani ya video.

Sasa sikilizeni. Sauti ikichelewa kwa sababu ya mashine, huchelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Unaisogeza kidogo, kazi imekwisha. Hii ya dada ilikuwa na vituko. Mara sauti inatangulia, mara mdomo unatangulia. Anavuta pumzi katikati ya neno! Nikiilinganisha mwanzoni, inaachana katikati.

Nikavaa hedifoni. Nyuma ya sauti nikasikia cherehani. Trrrr... trrrr...

Nyumbani kwa mama hakuna cherehani. Iko hapa chini yangu.

Nikajipa moyo, labda ni jirani yao. Nikaisogeza sauti ianze mapema zaidi, nikitafuta inapokaa. Ndipo kipande cha mwisho, ambacho picha ilikuwa inakatika kabla hakijasikika, kikatokeza.

"Haya bibi yangu, pumzika sasa..."

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani polepole. Nikabaki nautazama ule mdomo uliofungwa.

Dada akarudi, nywele zinameremeta.

"Tayari?"

"Dada, hii sauti ni ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu!"

"Bibi yupi unamwambia apumzike?"

Akabinua midomo.

"Sasa kwani ulikuwa unaitumia? Si ulikuwa umeiweka tu!"

Wasomaji wangu! Sauti yangu, eti nimeiweka tu! Kama sufuria ya akiba!

"Nani amekupa?"

"Bibi mwenyewe. Kasema nichukue."

Bibi? Hilo lilinivunja moyo. Lakini mzee wa watu, labda hakuelewa anaombwa nini.

"Sirekebishi," nikasema.

"Mnong'ono, acha roho mbaya! Mimi sina kazi, wewe una kompyuta zako!"

"Toka kwangu."

"Unasemaje?"

"TOKA!"

Cherehani ya chini ikasimama. Sidhani kama fundi aliwahi kunisikia kabla ya siku hiyo.

Dada akanyakua flashi yake na kuondoka akitukana ngazi nzima.

Nikaketi mbele ya laptop, macho mekundu, nikafungua kamera, nikasoma ukurasa uleule. Nikatuma kabla sijajionea aibu.

Asubuhi studio wakanitafuta. Mwanamke mmoja, mkavu kama karani wa benki.

"Tumepokea video mbili. Nyuso mbili, sauti moja. Tunawaomba nyote wawili muingie kwenye simu ya video, sasa hivi."

Kumbe dada aliituma hivyohivyo, na kasoro zake!

Nikaingia. Dada akatokea kwenye kioo, kajipamba, yuko sebuleni kwa mama.

"Dada, tusomee mistari michache," yule mwanamke akasema.

Dada akafungua kitabu. Akatikisa midomo.

Kimya.

"Hatukusikii."

Akagusa sikio. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Midomo ikaendelea kwenda, haraka, kwa madoido, bila sauti hata chembe. Eti sauti imekatika!

Mwanamke akanigeukia. "Wewe umeandika kwamba ni fundi wa kompyuta. Tatizo litakuwa nini?"

Sijajibu...

Kutoka kwenye simu ya dada ikaja sauti ya mtu anayenong'ona pembeni. Safi kabisa. Kila neno.

"Usisome! We chezesha mdomo tu! Watadhani mtandao! Mwenzio mpole, hawezi kukuumbua!"

Mama.

Mama yangu mzazi.

Aliyeicheka sauti yangu ndiye aliyeichukua kwenye simu yake akampa mwenzangu. Na bibi wa watu akasingiziwa!

Dada aliganda, mdomo wazi. Yule mwanamke akakohoa.

"Fundi, sasa tusomee wewe."

Nilisoma huku machozi yanashuka. Sauti haikutetemeka. Nikapata kazi.

Jioni nikaenda nyumbani. Sikumsalimia mtu, nikamsimamia mama mlangoni pa jiko.

"Mama, kwa nini?"

Hakuinua macho kutoka kwenye vitunguu vyake.

"Dada yako angenipigia kelele mwaka mzima. Wewe nilijua utaelewa."

Nikaenda chumbani kwa bibi. Alikuwa amekaa, ananisubiri.

"Siku hizi hawanisikilizishi kitabu," akalalamika. "Wanasema umeacha kutuma."

Nilikuwa nimetuma kila siku, kumbe zote zinaishia kwa dada!

Nikamshika mkono, nikamwambia mama kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: bibi anahamia kwangu. Leo. Mama akasema nina wazimu. Nikafunga begi la bibi.

Ndugu zangu wapole, mnaonisoma kimyakimya bila hata kutoa maoni... Watu hawachukui cha mwenye kelele. Wanachukua cha yule wanayejua ataelewa.

Mimi sikuelewa. Na sitaki kuelewa.