Mkono wa Shangazi Ulipoangusha Mkasi

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Wateja wanamwita Mama Pindo. Yeye anakata na kushona, mimi natia vifungo.

Alipenda kutafuna chaki ya kuchorea nguo.

"Shangazi, unakula mtaji!"

"Niache. Ina ladha ya mvua."

Tulicheka tu. Hatukujua kwamba hamu kama hiyo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Hedhi yake pia ilikuwa nzito, tena ya siku nyingi, lakini aliona haya kusema. Akichoka, alilaumu cherehani.

Asubuhi moja jirani yetu muuguzi alikuja kujaribu sare yake mpya. Shangazi akawa anapunguza kitambaa. Mara mkasi ukaanguka, pu! Mdomo wake ukapinda. Akasema kitu, hatukuelewa hata neno.

Punde si punde akarudi sawa. Akainama kuokota mkasi.

"Ganzi tu hii. Ugonjwa wetu mafundi. Simama vizuri nimalize pindo."

"Dada, weka mkasi chini!" muuguzi akapaza sauti. "Hiki ni kiharusi kinabisha hodi. Hata kikipita, hatukai. Twende!"

Tukatoka mbio. Muuguzi alikuwa bado na sare yenye pini. Kila akikaa vibaya kwenye teksi: "Aii! Dereva, kanyaga mafuta!"

Hospitali walimpima. Damu ilikuwa chini mno. Picha ya kichwa ikaonyesha mshipa mmoja wa ubongo umekuwa mwembamba.

"Damu na kichwa vinahusianaje?" shangazi akauliza.

Muuguzi akamshika mkono. "Damu ndiyo inayopeleka hewa kwenye ubongo. Ikipungua sana, iliyobaki inakimbia mbio ili itoshe. Wengine wenye upungufu mkubwa hukutwa na mishipa iliyobanwa, kama wewe. Si wote. Lakini damu kidogo ikipita njia nyembamba, ubongo unakosa hewa, na mkono unalegea."

"Nitashona tena?"

"Tumewahi, dada. Sasa niambie, hedhi yako ikoje?"

Shangazi akatazama sakafu. "Hayo ni mambo ya ndani."

"Ya ndani ndiyo yanayokumaliza!"

Akasema yote. Akaongezewa damu. Akapewa dawa za madini ya chuma, na uvimbe wa tumbo la uzazi uliokuwa ukimtoa damu ukatibiwa. Madaktari wanaendelea kuuangalia ule mshipa, naye hakosi siku ya kliniki.

Leo anakata kitambaa moja kwa moja, mkono haulegei. Nguvu zimerudi, na mdomo pia!

Jana alikuja mteja, midomo imepauka, anahema kwa kupanda ngazi tatu tu. Shangazi akaweka futi ya kupimia mezani.

"Mwanangu, hedhi yako inakaa siku ngapi?"

Mbele ya watu! Nilitamani niingie kabatini. Mteja akaangua kicheko. Kisha akamsogelea shangazi, akamjibu sikioni.

"Gauni litasubiri," shangazi akasema, akivaa viatu. "Twende ukapimwe damu."