Sahihi ya Kapteni Ryszard

— Kitambulisho, Kapteni.

Ryszard alikitoa. Jeshi alishaliacha miaka mitatu nyuma, lakini Grażyna, aliyekaa kwenye meza ya kugawa karatasi za kura, hakuwa na jina lingine la kumwita tangu alipomrudishia pete ya uchumba.

— Grażyna, nina neno nawe.

— Watu wanasubiri.

Bibi mmoja kwenye foleni akadakia:

— Kijana, kama umekuja kuposa, tupishe kwanza. Hii kura nimeisubiri miaka arobaini.

Grażyna nusura acheke.

— Napumzika saa nane. Kuna benchi nyuma ya shule.

Ilikuwa Juni 1989, siku ya uchaguzi wa kwanza wenye ushindani tangu wakomunisti washike nchi. Miaka saba na nusu nyuma, Jenerali aliyeongoza nchi alipotangaza utawala wa kijeshi, Ryszard alipewa kusimamia kiwanda cha nguo hapa mjini Łódź, kile kile alimofanyia kazi mchumba wake, Grażyna. Wiki mbili baadaye alikamatwa, akakaa kizuizini miezi saba.

Saa nane alimkuta Ryszard kwenye benchi, kofia mkononi.

— Nilipotoka hukunipigia hata simu, — Grażyna alisema.

— Nilipiga. Ile sauti ya mitambo ya simu ikasema mazungumzo yanasikilizwa. Nikakata.

— Sasa hakuna anayesikiliza. Sema.

Ryszard aliiweka kofia kando.

— Polisi waliletewa orodha ya wafanyakazi kumi na wawili wa kukamatwa. Jina lako lilikuwa la nne. Sahihi ni yangu.

— Walikulazimisha?

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Hakuupita.

— Hapana. Ningeweza kukataa. Niliogopa cheo changu.

Grażyna alifungua mkate wake wa jibini, akaukata vipande viwili, akampa kimoja.

— Nilijua. Aliyenihoji alinionyesha karatasi. Mwandiko wako naujua.

— Na miaka yote hii umenyamaza?

— Nimekataa wanaume wawili, Ryszard, na sikujua nawakatalia nini. Nilitaka tu uje mwenyewe, useme bila kusukumwa.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tangu amrudishie pete.

— Utanisamehe?

— Bado sijui. Jumapili ijayo njoo nyumbani. Mama ndiye aliyekuwa akisimama kwenye theluji kuniletea chakula. Naye umweleze hivyo hivyo.

Ryszard alikwenda. Mama mtu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafungua kabati, akaongeza sahani ya tatu mezani.