Alijua, Akanyamaza

“Tumbo lako limekuwa kaburi, Yuliana! Mimba nyingine tena imetoka! Kanisa likatae lisikatae, mwanangu ataoa mwingine!”

Yuliana, angali dhaifu kitandani, aligeuza uso kutoka kwa mama mkwe wake, Bi Regina. Alimtazama mumewe. Bartholomeo akainamisha kichwa, akatoka nje.

Bartholomeo ndiye aliyepulizia dawa ya wadudu kwenye shamba la pamba la kijiji cha ujamaa, bondeni, chini ya vilima vya Mkuyuni. Kijiji kilimsifu. Kila jioni alirudi shati limelowa sumu iliyovuja kwenye bomba la mgongoni.

Yuliana alipopata nguvu, alishuka mjini peke yake kumwona Daktari Mwaisha.

“Kwani mumeo hakukuambia?” daktari alishangaa. “Alikuja baada ya mavuno, nikampima. Mbegu zake nyingi zina kasoro. Siwezi kuapa kuwa ndiyo sababu, lakini sumu ile inaweza kuharibu mbegu za baba kabla mimba haijatungwa, mtoto akashindwa kukua. Nilimwambia aache kazi ile, msubiri kwanza, ndipo mjaribu tena.”

Yuliana alirudi nyumbani machozi yamemkauka.

“Ulijua?”

“Yuliana, mke wangu...”

“Ulijua, ukaniacha nitukanwe?”

“Niliona haya. Mwanamume gani atasema kasoro ni yake?”

“Nimezika watoto nikijiuliza nimemkosea nini Mungu. Kumbe jibu unalo wewe!”

Kulipokucha alifunga kanga zake, akapanda kwao, milimani Matombo.

Jumapili, baada ya misa, Bartholomeo alitokea kwa wakwe zake, mama yake nyuma.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba,” mjomba wa Yuliana alijibu kwa ubaridi. “Umefuata nini?”

“Nimekuja kusema mbele yenu. Mama, uliyemtukana hana kosa. Kasoro ni yangu. Nilijua, nikanyamaza.”

“Unajiaibisha mbele ya wakwe, mwanangu?”

“Nimemwaibisha mke wangu vya kutosha, mama.”

Bi Regina aliketi mkekani.

“Yuliana mwanangu, nisamehe.”

Yuliana alimgeukia mumewe.

“Na bomba?”

“Nimelirudisha kwa mwenyekiti wa kijiji. Wenzangu nao nimewaeleza.”

“Wakasemaje?”

“Wamenicheka.”

Yuliana akasimama.

“Nitarudi. Lakini watu wakiuliza mtoto yuko wapi, utajibu wewe.”

“Nitajibu mimi.”

Akaingia ndani kuchukua kanga zake.