Pigo la Pili

Kila msimu wa korosho, Zuhura akitoka shuleni alikula muhogo wake harakaharaka, kisha akamfuata kaka yake Ismaili hadi mahame. Huko ndiko walikokuwa wakiishi kabla ya watu wote kuhamishiwa katika kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Msimbati. Nyumba zilikwisha kubomoka, lakini mikorosho iliendelea kuzaa kana kwamba wenyewe hawajaondoka. Tangu baba yao afariki, Ismaili ndiye aliyewalisha yeye na mama.

Alasiri moja walimkuta Kasiani, jirani yao wa zamani, ameinama chini ya mkorosho wa mpakani, kikapu chake kimejaa.

"Kasiani, huo ni mti wa marehemu baba," Ismaili alisema.

"Baba yako aliupanda, mizizi ikaja kulala kwangu," Kasiani alijibu akicheka. "Nenda kaishtaki mizizi!"

"Mizizi haina mikono. Wewe unayo, tena mirefu."

Kicheko kilikatika. Kasiani aliinua panga akamjia. Ismaili alidaka mpini wa jembe uliokuwa umelala kwenye nyasi, akampiga mkononi. Panga likaruka, likaangukia mabibo yaliyooza, miguuni pa Zuhura. Kasiani akaketi chini, ameukumbatia mkono wake.

"Basi, Ismaili. Basi, ndugu yangu."

Mpini ulipanda tena, ukashuka juu ya goti lake. Mlio wa mfupa ule Zuhura aliusikia hata usingizini.

Shauri lilifika mahakamani. Kasiani alisema hili, Ismaili akasema lile: kwamba alipopiga mara zote mbili, panga lilikuwa juu ya kichwa chake. Shahidi alikuwa Zuhura peke yake.

"Utasema kama alivyosema kaka yako," mama alimwambia asubuhi ya kwenda mahakamani, akimfunga kitambaa kichwani. "Akifungwa, tutakula nini, mwanangu?"

Hakimu Emmanueli, mtu mzima aliyetoka bara, alimwuliza kwa upole, "Binti, pigo la pili lilipotua, panga lilikuwa wapi?"

Zuhura alimtazama Ismaili. Ismaili aliangalia sakafu.

"Lilikuwa miguuni pangu, mheshimiwa. Kasiani alikwisha kusema basi."

Nyuma yake alimsikia mama akiguna kama mtu aliyechomwa mwiba.

"Kwa pigo la kwanza, mahakama haimlaumu Ismaili," hakimu alisema alipotoa hukumu. "Aliyeinuliwa panga halazimiki kungoja akatwe. Lakini sheria humruhusu mtu kutumia nguvu kwa kadiri ya kuizuia hatari iliyo mbele yake. Panga lilipoanguka, hatari iliisha, na ruhusa ikaisha nayo. Pigo la pili halikumlinda mtu. Lilikuwa la hasira." Akamfunga Ismaili miezi sita, na kuagiza Kasiani naye ashtakiwe kwa kuinua panga.

Mlangoni, askari akiwa amemshika mkono, Ismaili alisimama kidogo.

"Zuhura, korosho za mti ule mwokotee Kasiani nusu. Hawezi kuinama tena."

Aliziokota peke yake, akazipeleka nyumbani kwa Kasiani. Rozalia, mke wa Kasiani, alizimimina chini bila kuitikia salamu, akamrudishia kikapu.

"Kamwambie mama yako korosho haziungi goti."

Zuhura aliufikisha ujumbe ule kama ulivyo. Mama, ambaye tangu siku ya hukumu hakuwa amemsemesha, aliendelea kutwanga muhogo. Kisha akausimamisha mchi ndani ya kinu.

"Pigo la kwanza liliniachia mtoto," alisema. "La pili likamchukua. Si wewe uliyemchukua, Zuhura, nami nilitaka uongo wako uwe pigo la tatu juu ya Kasiani."

Akamsogezea mchi wa pili.

"Shika. Tutwange, jua linakwenda."