Anayeita Kwenye Bomba

Nyumba ile haikuwa na nguo ya njano hata moja. Hasina alijua hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyefua kila kipande, kuanzia kanzu za mumewe hadi nepi za mwanawe Naim. Hata hivyo, alipochomoa wavu wa mashine ya kukausha nguo, alikuta manyoya ya nguo ya njano yamegandamana juu yake, laini na yenye joto. Aliyasugua kwa vidole, akanusa. Yalinuka nywele zilizoungua. Nguo za Naim nazo zilikuwa bado mbichi, na mashine ilikuwa imezunguka tangu asubuhi.

Majirani wa mtaa ule, nyuma ya msikiti wa Kitale, walisema mashine hiyo ni ya kuringia. Laiti wangejua. Abdirashid, mumewe Hasina, aliinunua mwaka wa 2006 kwa mmishonari wa huko Saboti aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao, na aliinunua kwa sababu moja tu, mdomo wa mama yake.

Kifungua mimba wao, Shamira, alifariki akiwa na miaka mitatu. Daktari alisema nimonia. Bi Leila, mama yake Abdirashid, alisema nguo. Nguo za mtoto ziliachwa kwenye kamba hadi magharibi ikaingia, jini akapita akazijaribu, kesho yake mtoto akavalishwa. Na aliyeziacha ni nani? Hasina. Siku hiyo Hasina alikuwa kitandani na malaria, hajui kama ni mchana au usiku, anasikia tu vicheko vya barazani, lakini alipopata nafuu aliambiwa kwamba aliinuka, akasema nguo ataanua mwenyewe, kisha akarudi kulala. Aliambiwa hivyo jikoni, akaambiwa hivyo mbele ya wageni, mpaka mwishowe akawa anakumbuka kabisa kuwa alisema. Akaubeba mzigo huo bila kuuliza.

Ndipo ikaletwa mashine, ili nguo za Naim zisiwahi kuguswa na upepo wa jioni. Mke wa mmishonari alikuwa amemwonyesha Hasina namna ya kuitunza. Wavu usafishwe kila nguo zikitoka. Mara kwa mara plagi ichomolewe, mashine isogezwe mbele, bomba la nyuma lifunguliwe na kusafishwa lote mpaka kwenye kifuniko cha nje ya ukuta, kwa maana manyoya ya nguo hushika moto upesi. Hasina alifanya hivyo, tena kwa furaha. Kisha Bi Leila akamkataza.

"Hiyo ni shimo kwa ukuta, na inaangalia magharibi," alimwambia. "Usiifungue tena. Mtoto mmoja hakukutosha?"

Hasina alipopeleka shauri kwa mumewe, Abdirashid alimwambia afanye tu vile mama anataka, wapate amani. Amani! Mwanamume huyo alipenda amani kama wengine wanavyopenda usingizi, na aliipata kwa njia ileile, kwa kufumba macho. Basi bomba likakaa bila kuguswa msimu mzima wa mvua.

Chumba cha mashine kilianza kuwa na joto lisilo la kawaida na ukuta ukatoa jasho. Naim alilala humo, kwa sababu nyanya yake aliona baridi ya Kitale itamdhuru. Akaanza kukohoa. Hospitali walimpa dawa ya maji, akanywa, akaendelea kukohoa. Hasina alikuwa ameshamzika mmoja kwa kikohozi, na kila kifua cha Naim kilipokwaruza, alihisi amesimama tena kando ya kaburi lile dogo.

Alasiri moja mvua ilikuwa ikipiga mabati, Abdirashid yuko dukani. Hasina alizima mashine kwa sababu ya ile harufu. Kimya kilipoingia, alisikia kikohozi. Akageuka kumtazama Naim. Mtoto alikuwa amelala, midomo imefungwa, kifua kinapanda na kushuka taratibu.

Kikohozi kilitoka ukutani. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukatika katikati na kuanza upya, anachokijua mama mmoja tu duniani, na baada yake ikaja pumzi ndefu ikijikwaruza ndani ya bomba kama inayotafuta pa kupita, na nyuma ya pumzi ile ikaja sauti, imezibwa, iko mbali, sauti ya mtoto anayeongea na blanketi mdomoni, ikiita neno ambalo Hasina hakulishika vizuri lakini aliijua sauti, aliijua mpaka maziwa yakamchoma kifuani, na akafungua mdomo aitike.

Mkono ulimziba mdomo kutoka nyuma. Ulikuwa wa Bi Leila, unanuka vitunguu.

"Usiitike," alinong'ona. "Ukiitika umeenda. Si unajua? Ukiitwa na mtu humwoni, nyamaza tu."

Hasina alijua. Kila mtoto wa mtaa ule anafunzwa hivyo kabla ya kufunzwa kuhesabu. Alisahau, na yule mwanamke mzee akamwokoa. Hilo ni lazima lisemwe, hata kama halipendezi. Lakini Hasina alipogeuka kumshukuru aliona uso wenye hofu tupu, bila mshangao hata kidogo.

Moshi ukaanza kutoka nyuma ya mashine. Hasina alichomoa plagi, akamnyakua Naim na kumkimbiza kwa jirani, kisha akarudi. Alivuta mashine ukutani huku Bi Leila akimng'ang'ania mkono na kumwomba aache, aache hiyo bomba, Mama Naim, nakuomba. Akalegeza kibano kilichoshika bomba. Manyoya yalimwagika ya kijivu, mazito, yameshikana kama godoro bovu, na yaliyokuwa ndani zaidi yalikuwa meusi kwa kuungua. Aliyakokota yote kwa mpini wa ufagio. Mbele kidogo mpini ulikwama. Akatoka nje kwenye mvua, akainua kifuniko, akaingiza mkono na kuvuta.

Ilitoka sweta ndogo ya njano, pindo limeungua, shingo imefungwa kwa uzi mweusi.

Hasina alikuwa amewahi kuomba, kwa magoti, aachiwe nguo moja ya Shamira anuse. Aliambiwa zote zimetolewa sadaka.

"Mganga wa Bungoma ndiye aliniambia," alisema Bi Leila mlangoni, mtandio umelowa. "Nifungie mlango na nguo ya yule wa kwanza. Jini akija akute ile alishachukua, asiingie kwa Naim. Nilikuwa nalinda mtoto wako."

Bomba lilikuwa wazi sasa, hewa inapita bila kizuizi, na sauti ilipita nayo, safi, karibu, ikitoka kwenye tundu la ukuta kimo cha mtoto wa miaka mitatu.

"Nyanya. Mvua inakuja. Nyanya, ulisema utaanua."

Bi Leila alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili. Hapo Hasina akaelewa ni nani aliyeahidi kuanua nguo siku ile, na ni nani aliyekaa barazani akisimulia habari za watu mpaka giza likaingia.

Baada ya swala ya Ijumaa, Abdirashid alimleta Ustadh Abdikarim asome. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema kwamba huyu si Shamira, Shamira yuko pema. Huyu ni jini aliyeokota sauti ya mtoto na uongo wa nyumba, na atakaa humo mpaka aliyefanya aseme kwa kinywa chake mbele ya watu. Wote walimtazama Bi Leila. Bi Leila alitazama mkeka, akasema yeye hana la kusema.

Abdirashid alimvuta mkewe pembeni.

"Sema ni wewe tu, iishe," alimwambia. "Si watu wanajua hivyo tayari?"

Siku hiyohiyo Hasina alimfunga Naim mgongoni, akaitia sweta kwenye mkoba na kwenda kwao Bungoma. Huko kikohozi cha Naim kilikwisha. Hasina alilala vizuri, akala, na chuki yake ikanenepa pamoja naye.

Abdirashid alipiga simu asubuhi moja. Sauti yake ilikuwa imechakaa. Alisema mama halali wala hali, anaitwa mchana na usiku, ameziba bomba kwa saruji na bado anaitwa. Anataka kujua afanye nini. Akasema, wewe ni mama yake huyo mtoto, tusaidie.

Hasina alikumbuka ule mkono unaonuka vitunguu juu ya mdomo wake. Alikumbuka vizuri sana.

"Mwambie aitike," alisema.

"Lakini watu husema—"

"Wewe uliniambia niseme uongo iishe. Yeye anashindwa na neno moja? Ni mjukuu wake. Aitike tu."

Abdirashid akafanya kama kawaida yake, akatii. Alisahau kukata simu. Aliiweka juu ya ile mashine, na Hasina akamsikia akienda, akimbembeleza mama yake. Akamsikia Bi Leila, mbali, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, akisema, naam mjukuu wangu. Kitu kizito kikaanguka. Abdirashid akapiga yowe.

Hasina hakuondoa simu sikioni. Aliona hata raha, Mungu amsamehe. Ndipo pumzi ndogo ikaja kwenye simu, karibu kabisa, karibu kuliko yowe lile, na kwa mara ya kwanza tangu ianze kuita ile sauti haikumwita nyanya.

"Mama," iliita.

Mama yake Hasina alikuwa uani akipepeta mtama, Naim amekaa kando yake. Alimsikia binti yake akijibu ndani ya nyumba, kwa furaha ambayo hakuwa ameisikia miaka mingi.

"Naam, mwanangu."